Tunapeleka mkate na chai kwa vijana wa mtaani kila Jumamosi, tunawasaidia kweli ama tunawaweka tu barabarani?

MwimbajiUmoja, Jumapili usiku

Bwana asifiwe wadau, na wale hamna hiyo salamu habari zenu pia. Nina swali limenikaa kwa roho wiki tatu sasa, na kwa kanisa letu siwezi kuuliza ju kila mtu ashachukua upande wake.

Sisi ni vijana kumi na wanne wa kanisa moja huku Umoja, Nairobi. Mwezi wa saba, ile baridi ya kukata masikio, tulikuwa tunatoka kesha Ngara alfajiri, matatu ikapitia ile raundabauti ya Globe tukaona vijana wamelala kando ya mtaro wamejifunika magunia. Na usiku huo huo tulikuwa tumesoma ile ya Yakobo ya kumwambia mtu enda ukaote moto ukashibe na hujampa kitu. Mmoja wetu akasema sasa hii imesomewa nani? Hivyo ndio ilianza. Kila mtu anatoa soo (shilingi mia), tunanunua mkate, tunachemsha mayai kwa jikoni ya kanisa, tunabeba chai kwa chupa nne kubwa, tunashuka tao Jumamosi saa kumi na moja jioni. Tunaanzia hapo Globe tunafuata mto tukielekea upande wa Kariokor.

Sasa shida. Kuna kijana mmoja anasema ana miaka kumi na tano, jina lake siandiki hapa. Tulimpatia sweta mpya, nzito, ya pamba, mama mmoja wa kanisa alishona na mkono wake. Jumamosi iliyofuata tukampata na fulana tu, ile chupa ya gundi imening'inia mdomoni kama kawaida, nikamuuliza sweta iko wapi akaangalia kando. Mzee mmoja wa kanisa kusikia hivyo akasimama kwa mkutano akasema sadaka ya Mungu inanunua gundi. Pasta naye hajakataa tuendelee, lakini anataka tushone tisheti za jina la kanisa na tupige picha nyingi ju mwezi wa kumi na mbili tuna maadhimisho.

Lakini kenye kilinimaliza si hiyo. Kulikuwa na harusi mbili za wenzetu, tukakosa Jumamosi mbili mfululizo. Kurudi, huyo kijana akachukua yai akalibingirisha kwa kiganja bila kulimenya, akaniangalia akasema, "Hata nyinyi." Basi. Akaenda.

Sijalala vizuri tangu hiyo siku. Tuendelee? Tuwache? Na kama ni kuendelea tufanye nini tofauti? Tafadhali msinitumie mahubiri, hayo nimeshiba.

---

MkaziNgara

Dada pole lakini mimi nitakuambia ukweli wenye hakuna mtu wa kanisa atakuambia. Wacheni. Mimi napita hapo kila siku na nimeporwa simu mara mbili, mara ya pili ni katoto siwezi hata kusema kalifika miaka kumi na miwili. Kila wikendi mnakuja na mikate yenu na tisheti, mnaimba pambio mbili, mnaenda kulala Umoja. Sisi ndio tunabaki nao.

Wengine wenu ni wadogo hamkumbuki tao ya miaka ya tisini na hapo mwanzo wa 2000. Ulikuwa unatoka benki unakutana na kijana ameficha mkono nyuma, mkononi ni mavi, unaambiwa toa kitu ama nikupake. Watu walikuwa wanatoa mbio. Kisha serikali ya NARC ikaingia, 2003 wakawaondoa tao, wengine wakapelekwa NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa, Gilgil huko wakafunzwa ufundi, na kuna wenye walitoka wakiwa watu wa maana siwezi kataa. Lakini si unaona wamejaa tena? Penye kuna msosi wa bure watu hawatoki. Hiyo ni kawaida hata kwa kuku.

Sina roho mbaya. Nimechoka tu.

---

ZamaniMlangoKubwa

Mkazi wa Ngara pole ya simu, hiyo siwezi tetea. Lakini hiyo ya kuku ungeiwacha.

Mimi nimelala nje miaka sita, hapo Mlango Kubwa na baadaye karibu na Muthurwa, niliingia nikiwa na miaka tisa nikatoka na kumi na tano, saa hii nashona viatu na nina watoto wawili, kwa hivyo wacha nikujibu dada mimi mwenyewe ju hawa wengine watakupatia vile wanafikiria.

Kwanza sweta. Umeshafikiria kama hakuiuza? Sweta mpya nzito kwa beisi, pale kikundi kinalala, haimalizi usiku. Kuna wakubwa, na wakubwa wanaona kila kitu chenye mdogo amepewa, wewe ukishaingia kwa matatu yako unaenda yeye anabaki na hiyo sweta kama amevaa pesa. Akikataa anapigwa. Akiitoa anawachwa. Ama anaiuza mapema yeye mwenyewe ndio angalau apate kakitu kabla ichukuliwe, hiyo pia ni akili. Mimi nilipewa viatu vipya mara moja na wazungu flani, nilipigwa ju ya hivyo viatu mpaka jino likatoka na viatu nikavuliwa, na hao wazungu nina hakika walienda kwao wakasema tulivalisha mtoto. Ukitaka kumpa mtu nguo ya kulala nje, mpe nzee. Mpe yenye iko na doa, yenye zipu imeharibika, yenye hakuna mtu ataitamani. Najua inasikika vibaya lakini hiyo ndio atavaa.

Ya pili gundi. Watu wanaona gundi wanaona dhambi. Wewe lala kwa simiti mwezi wa saba bila kula, halafu mtu akuletee kitu ya bei ya mkate yenye inaua njaa, inaua baridi na inaua mawazo ya mamako, utaniambia. Siisifu, imeniharibia kichwa, hata leo kuna vitu nasahau mbele ya kustoma. Nasema tu usishangae.

Ya tatu, hii ndio kubwa. Usidhani hatukuwa tunafanya kazi. Tulikuwa tunaokota chuma, chupa, plastiki, tunauza kwa kilo. Asubuhi ni kazi. Wikendi ndio ilikuwa siku ya makanisa, Jumamosi na Jumapili tulikuwa tunakula mpaka tunatupiana mikate, siwadanganyi, makanisa manne kwa siku moja, na kila moja linataka tuinue mikono tuokoke kabla ya chakula. Mimi nimeokoka mara saba. Kuna siku niliokoka asubuhi na jioni. Halafu Jumanne hakuna mtu, Jumatano hakuna mtu, Alhamisi mvua.

Isipokuwa mathe mmoja. Alikuwa anakuja Jumatano asubuhi na uji kwa mtungi, uji tu, hakuna siku alileta kitu kingine, na daftari ya hesabu ile ya miraba. Alikuwa ameandika majina yetu wote. Si jina la mtaani, jina lenyewe. Anaita kama mwalimu, ukisema niko unapewa uji. Nilikuwa naona ni mchezo wa kijinga. Halafu nikashikwa na homa mbaya nikalala nyuma ya maboksi siku mbili hakuna mtu ananiangalia, Jumatano ikafika akaita jina hakuna mtu akaitika, akafunga daftari akasema hatutoi uji mpaka niambiwe huyu ako wapi. Hivyo ndio nilifika hospitali. Miaka mitatu alikuja hiyo mama, alikosa labda mara nne, na akikosa alikuwa anatuma mtu aseme hatakuja na sababu.

Kwa hivyo huyo kijana wako akikuambia "hata nyinyi", dada, hakuwa anakutusi. Alikuwa ameanza kukuhesabu.

---

MhubiriWaJeevanjee

Ndugu zangu mnazungumzia uji, sweta, daftari. Yesu ako wapi kwa hii maongezi? Mtu anaweza kushiba na aende jehanamu. Mimi nimehubiri bustani ya Jeevanjee hapo tao saa ya lunchi miaka mingi na nimeona watu wa mtaani wakibadilika kwa Neno peke yake bila mkate.

---

ZamaniMlangoKubwa

Pasta ni sawa. Lakini wewe unahubiri saa ya lunchi, hao wengine wako kwa benchi wameshakula.

---

NesiWaZamu

Wacheni kugombana. Mimi ni nesi, nimefanya kasualti ya hospitali ya umma hapa Nairobi muda mrefu na hawa watoto ndio wageni wangu wa usiku, kwa hivyo dada wa Umoja nisikize kidogo.

Mkate ni mzuri lakini angalia miguu. Kila mara angalia miguu na mikono. Hapo ndio utapata vidonda vya wiki tatu vimefungwa na karatasi ya plastiki. Mengi ya kufanya hapo yanataka maji safi, sabuni ya kipande, shashi na mtu hana haraka. Osha, kausha, funga, rudi uangalie. Ikiwa inanuka, imevimba na ina joto ama ako na homa, hiyo si yako tena, hiyo ni ya hospitali, na uende NAYE, usimpe nauli. Nauli hajawahi fika nayo. Akifika peke yake na hizo nguo askari wa geti atamrudisha kabla mimi nimwone, nimeona hiyo kwa macho yangu na sitasema ni wapi. Akifika na wewe umeshika mkoba anaitwa mgonjwa.

Kuungua pia. Gundi inashika moto na wao wanalala wamezunguka moto wa tairi, unaweza kufikiria.

Kitu kingine watu hawajui: mtoto akiwa amevuta sana usimshtue, usimkimbize, usimpigie makelele. Moyo unaweza kusimama hapo hapo. Hawa askari wanaowakimbiza na virungu sijui kama wamewahi ambiwa. Na ukitaka kuongea na yeye jambo la maana enda asubuhi mapema kabla ya chupa ya kwanza. Jumamosi saa kumi na moja jioni unaongea na gundi, mtoto hayuko hapo.

Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho usiku, anakonda: peleka akapimwe TB. Dawa ni bure hospitali za umma lakini ni miezi sita, kila siku, na hapo ndio wanapotea. Kliniki huwa inauliza nani ni msaidizi wa huyu mgonjwa, mtu wa kumkumbusha dawa. Mimi nimeandika "hana" mara nyingi mpaka mkono unaandika wenyewe. Kanisa lenye watu mia tatu likikosa mtu mmoja wa kuandikwa hapo, sijui tunaimba nini.

Upele, tibu beisi yote siku moja pamoja na kufua blanketi, ukitibu mmoja umemtibu mpaka jioni.

Wale wakubwa wa heroini ni mambo mengine. Kuna methadone, dawa ya kunywa badala ya heroini, hospitali ya Mathari walianza 2014 na Ngara pia kuna kliniki, lakini hiyo wanakunywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hivyo mtu anahitaji kulala karibu. Gundi haina dawa ya namna hiyo. Gundi dawa yake ni kitanda, chakula na mtu.

Na wasichana je? Hamjataja hata mmoja. Wako, mnapita karibu nao. Hawasongi kwa laini ya mkate ju wanajua laini ni ya wenye nguvu. Nendeni na wamama, sodo kwa mkoba, msiitishe mbele ya watu.

---

DadaKwaya

Mimi niko na neno moja tu kuhusu picha. HAPANA. Mtoto wa miaka kumi na tano na chupa mdomoni, mnaenda kumweka kwa bango la maadhimisho? Kesho akiwa mtu mzima anatafuta kazi hiyo picha bado iko Facebook. Na si heshima tu, kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, taarifa za mtoto unahitaji ruhusa ya mzazi ama mlezi. Mwambieni pasta mkono wa kushoto usijue, yeye anataka mpaka drone ijue 😂

---

MkaziNgara

Hiyo ya drone imenichekesha na sikuwa nataka kucheka.

Swali kwa nesi na huyu jamaa wa viatu. Sawa, uji Jumatano, daftari, vidonda. Halafu? Mnawaosha miguu miaka mingapi? Si bado wako nje?

---

AfisaMstaafu

Swali la Mkazi wa Ngara ni la haki na lisipuuzwe. Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii karibu miaka thelathini, sasa nimestaafu, kwa hivyo mniwie radhi nikiandika kirefu.

Jambo hili si geni Nairobi. Wazee wenzangu mtakumbuka waliitwa "parking boys", wavulana waliokuwa wakiwaonyesha wenye magari pa kuegesha ili wapewe senti. Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la White Fathers, alianza kutembea nao usiku na mwaka wa 1973 akaanzisha Undugu Society. Nilichokipenda kwake ni kwamba hakuanza na jengo. Alianza kwa kukaa nao, na baadaye ndipo shule za muda mfupi na ufundi vikaja. Makanisa mengi leo yanaanza kwa kuchangisha pesa za jengo.

Na hapo nawaonya. Kila kikundi cha kanisa kikishapeleka mkate miezi sita, mtu husimama na kusema tujenge makao ya watoto. Msijenge. Serikali ilisimamisha kusajili makao mapya tangu 2017, na mkakati uliotolewa 2022 unataka watoto warudi kwenye familia, za kwao au za kuwalea, badala ya kukulia mabwenini. Wengine wanaulalamikia, mimi nauunga mkono. Nimewaona watoto waliolelewa vizuri kabisa katika makao wakifika miaka kumi na minane wanafungiwa geti na hawajui hata shangazi yao anakaa wapi.

Vilevile msimchukue mtoto mkamlaza nyumbani kwenu, hata kwa huruma. Aliye chini ya miaka kumi na minane apitie kwa afisa wa watoto au polisi. Kuna namba 116, haitozwi. Mkimchukua kimyakimya, siku mama yake akijitokeza mtaitwa majina mabaya, na hamtakuwa na karatasi ya kujitetea.

Sasa "halafu?" ya Mkazi wa Ngara. Sensa ya familia za mtaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na Nairobi pekee 15,337. Vijana kumi na wanne wa Umoja hawataondoa hao. Lakini katika kazi yangu sikumbuki wengi waliokuwa hawana mtu kabisa. Wengi walikuwa na mama, nyanya au mjomba, Dandora, Kayole, Githurai, wengine Murang'a. Waliondoka kwa njaa, kwa baba wa kambo, kwa fimbo, kwa karo. Basi kazi yenyewe ni ya mtoto mmoja mmoja na ni ya polepole: uliza kwao ni wapi, uliza tena baada ya mwezi maana mara ya kwanza atakudanganya, nenda ukaone, rudi, nenda tena. Kisha uangalie huyo mama anakula nini, kwa sababu ukimrudisha mtoto kwenye sufuria ile ile tupu utampata Globe kabla ya Ijumaa.

Na karatasi. Hakuna anayetaja karatasi. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa hatapata kitambulisho, na bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hana kazi, na akikamatwa hana la kuonyesha. Sheria ya uzururaji ilifutwa 1997 lakini muulizeni kijana yeyote wa Muthurwa kama amesikia habari hiyo.

---

ZamaniMlangoKubwa

Mzee hapo kwa karatasi umenigusa.

Mimi kitambulisho changu kilichukua mwaka mmoja na miezi miwili. Mamangu alikuwa ameaga na sikujua hata mwaka. Chifu anauliza wewe ni wa nani, sijui. Yule mathe wa uji akaniuliza unakumbuka nini ukiwa mdogo, nikamwambia nakumbuka kanisa na mtu ananimwagia maji na mimi nalia, na nje kulikuwa na mti wa jakaranda. Akatembea parokia tatu. Ya tatu wakafungua kitabu cha ubatizo, akasoma na kidole, jina langu, jina la mama, tarehe. Nilisoma hilo jina la mama mara nyingi sana siku hiyo. Hivyo ndio nikapata kadi, kadi ikapata cheti, cheti ikapata kitambulisho.

Kwa hivyo pasta wa Jeevanjee usidhani nadharau kanisa. Maji ya ubatizo ndio yaliniandikisha Mkenya.

---

MhubiriWaJeevanjee

Hiyo nimeisoma mara mbili. Mungu akubariki ndugu yangu. Uji ni Jumatano saa ngapi?

---

MwimbajiUmoja, wiki tano baadaye

Wadau nimerudi, samahani nilipotea, nilitaka niwe na kitu cha kusema kwanza.

Tulikaa kikao. Wenzangu wanane walisema Jumatano asubuhi haiwezekani, kazi, shule, na sikuwalaumu. Tumebaki sita, tunagawana wawili wawili, Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi nafika kazini nimechelewa kidogo na bosi ashaniuliza. Uji lita kumi, wa wimbi. Mayai tumeacha. Daftari ya miraba nimenunua. Tisheti hatukushona. Pasta alinuna wiki moja halafu Jumatano ya tatu akatokea mwenyewe, bila kola, akashika kikombe kama watu wengine, akakaa kwa jiwe. Hakuhubiri. Alikuwa anasinzia ukweli usemwe.

Yule mzee wa sadaka ya Mungu bado hatusalimii.

Siku ya kwanza niliita majina wakacheka sana, kila mtu anajiita jina la rais ama la mchezaji wa Arsenal. Nikaandika hivyo hivyo. Wiki ya pili wanne wakanipatia majina ya kweli, wakaja pembeni mmoja mmoja wakaninong'onezea kama ni deni.

Huyo kijana wa sweta alikuja wiki ya tatu. Nilimuuliza sweta tena, nijue tu. Akaniambia iliibiwa. Halafu akaniambia aliipoteza kwa mto. Halafu akaniambia hadithi ya tatu iko na mbwa ndani na akaanza kucheka mwenyewe katikati, ikabidi nicheke pia. Sitajua. Ako na kidonda kwa kisigino, nimefuata maneno ya nesi, maji, sabuni, shashi, kimekauka wiki mbili sasa isipokuwa upande mmoja. Nikimfunga huwa anaangalia juu kwa daraja kama mtu anangoja gari.

Jumatano iliyopita, na sikumuuliza, akasema mamake anauza mboga Kayole. Nikanyamaza, ju Afisa alisema mara ya kwanza wanaweza kudanganya. Juzi akarudia mwenyewe, Kayole, na akataja steji. Nimepigia afisa wa watoto, ameniambia nianze kwa kumtembelea mama kwanza, mtoto akikubali, kisha tuende ofisini pamoja. Mtoto amekubali. Ama amesema "sawa tu", sijui kama hiyo ni kukubali. Ni Jumamosi hii.

Naogopa vibaya sana. Nikifika niseme nini?

---

AfisaMstaafu

Usiseme mengi. Jitambulishe, sema unamjua mwanawe na ni mzima. Kisha ngoja. Usimuulize kwa nini aliondoka, hasa mbele ya majirani. Ukiweza nenda saa ambayo hana wateja wengi.

---

NesiWaZamu

Na ubebe shashi, mtembee polepole hicho kisigino.

---

ZamaniMlangoKubwa

Usivae kitu chochote cha kanisa. Mkifika karibu mwache yeye atangulie, wewe kaa nyuma hatua kumi hivi, hiyo ni nyumba yake si yako. Akigeuka akitaka kurudi usimshike mkono. Na usiende mikono mitupu kwa mathe wa wenyewe, beba unga.

---

MwimbajiUmoja

Unga pakiti ngapi? Kanisa wamesema wanaweza toa bale nzima.

---

ZamaniMlangoKubwa

Pakiti moja na sukari. Ukifika na bale atadhani umekuja kununua mtoto.